Uzi: Ukitaka kuhamia kazi mpya, unamuuliza nini aliye ndani ili akupe jibu la maana?

#1 BintiBahati
Habari zenu wadau. Niko ofisi ya hesabu kwenye shamba la maua upande wa Naivasha, kwetu ni Bahati. Nataka kuhamia kazi ya kufunga sola. Wazo hili nimekaa nalo tangu shamba letu lilipoweka paneli kwenye paa la chumba cha baridi. Mimi ndiye niliyekuwa naandika vocha za mafundi, na mimi ndiye niliyeona bili ya stima ikishuka mwezi baada ya mwezi.

Sasa nimeanza kuwauliza mafundi wenyewe, Naivasha na Nakuru mjini. Majibu ni yaleyale. "Iko sawa, iko na pesa, jitahidi tu." Nikiuliza "inalipa?" naambiwa inategemea. Nikiuliza "ni ngumu?" naambiwa hakuna kazi rahisi. Wananikaribisha vizuri, hata chai wananinunulia, lakini narudi nyumbani bila kitu chochote cha kuandika kwenye daftari.

Madai yangu ni haya, na mnipinge: swali kama "inalipa?" linamwomba mtu maoni, na maoni ya mtu juu ya kazi yake mbele ya mgeni huwa ni adabu tu. Lazima kuna maswali mengine. Nyinyi mliohama kazi mliuliza nini?

#2 FundiKondele
Dada, mimi ni mmoja wa hao wa "jitahidi tu", niko Kisumu. Nikueleze kwa nini tunajibu hivyo. Kwanza unatukuta kazini, mwenye nyumba amesimama hapo chini anasikiliza. Nitakuambia mbele yake kwamba mwezi uliopita sikupata oda hata moja? Pili, leo unauliza, kesho una ngazi yako na umemchukua mteja wangu wa Riat. Watu hawasemi, lakini hofu hiyo ipo. Kwa hiyo sikubali kwamba ni swali tu. Ni mahali unapouliza, na ni sisi kulinda ugali wetu.

Ila kuna kijana mmoja aliwahi kuniuliza hivi: "Kazi ya mwisho ambayo mteja alikuita urudi, alikuwa analalamikia nini?" Hapo nilikaa chini. Nilimweleza paa la Migosi lililoanza kuvuja pale tulipotoboa mabati kufunga vyuma vya paneli. Stima ilikuwa sawa kabisa, inveta sawa, betri sawa. Mvua ya Aprili ikaingia jikoni kwa mtu. Nikamweleza nilivyorudi na mpira na silikoni kwa pesa yangu, na kwamba tangu siku hiyo nakagua mabati kabla ya kutaja bei. Huyo kijana aliondoka akijua kazi hii ina nini ndani yake, na mimi sikuhisi kama amenipekua mfukoni.

#3 MwalimuMstaafu_Vihiga
Wanangu, hilo swali la Kondele lina historia ndefu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jeshi la Marekani lilitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi wa urubani wanashindwa. Mwanasaikolojia John Flanagan aliandika mwaka 1954 kwamba sababu zilizotolewa kwa wanafunzi 1,000 walioondolewa kwenye mafunzo mwaka 1941 zilikuwa maneno ya jumla tu: hana kipaji cha kurusha ndege, hulka yake haifai. Huwezi kumfundisha mtu kwa maneno hayo. Njia aliyoijenga baadaye ilikuwa kuuliza tukio moja: mara ya mwisho ulipoona mtu akifanya jambo lililosaidia kazi au kuiharibu, hali ilikuwaje, alifanya nini hasa, matokeo yakawa nini.

"Jitahidi tu" na "hana kipaji" ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili hawana tarehe, hawana mahali, hawana kitendo. BintiBahati, uliza swali ambalo jibu lake haliwezi kukosa siku na mahali.

#4 KijanaWaPipeline
Mwalimu heshima zako, lakini umetupeleka Marekani, turudi Nakuru. Mimi nauliza pesa, moja kwa moja. Unapata ngapi? Akisita namwambia si lazima anitajie, aseme tu kama ni zaidi ya mshahara wa mwezi wa mwalimu intaini wa JSS, yaani sekondari ya chini, ile 20,000 ya mwaka 2023. Kila mtu anaijua hiyo. Akisema zaidi, naingia. Akisema chini, natafuta kingine. Hayo mengine ni ya watu wenye muda.

Halafu dada, kwa sola unahitaji tu cheti cha NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, uko sawa, usitishwe na kozi ndefu.

#5 NesiWaZamu
Kijana hapo juu, swali la ngapi ni nusu ya swali. Mimi ni muuguzi, Kakamega. Wasichana wanaotaka KMTC, chuo cha mafunzo ya udaktari na uuguzi, huniuliza mshahara ni ngapi. Hajawahi kutokea hata mmoja akaniuliza mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi. Yangekuwa majibu mawili tofauti kabisa. Kuna miezi kodi ya nyumba inafika kabla ya mshahara, na mwenye nyumba hajali kwamba kwenye karatasi unalipwa vizuri. Wakumbuke pia mgomo wa wauguzi wa 2017, ulianza Juni ukaisha Novemba. Anayeingia kazi hii aulize: wakati ule mlikula nini?

Swali lingine ninalotamani waniulize: ulioanza nao darasani wako wapi sasa? Hapo ningemhesabia mmoja mmoja. Yule yuko Uingereza, yule ana duka la dawa Chavakali, yule alirudi kwa ualimu, wale wawili bado wako wodini na wanapenda kazi yao kwa moyo wote. Ukiniuliza mimi peke yangu unapata habari za aliyebaki. Walioondoka hawapo hapo wodini kukujibu.

#6 MtuWaMbegu_Njoro
Naunga mkono nesi. Mimi nilitoka duka la nguo nikaenda kusomea afya ya mifugo, leo natibu na kupandisha ng'ombe upande wa Njoro na Mau Narok. Kabla ya kujiunga sikuanza na madaktari wa ng'ombe. Nilianza na mwenye duka la dawa za mifugo. Huyu hana sababu ya kukuficha kitu, na anawaona wote. Nilimuuliza: nani ananunua glavu na mbegu za kupandishia hapa, siku gani, na nani anakopa? Akaniambia kitu ambacho hakuna daktari angeniambia: wanakopa karibu wote, na wanalipa maziwa yakilipwa. Mkulima hupata pesa yake ya maziwa mwisho wa mwezi kutoka kwa ushirika, kwa hiyo wewe unayetibu ng'ombe tarehe nane unasubiri. Lazima uwe na pesa ya mafuta ya pikipiki ya wiki tatu mfukoni mwako mwenyewe.

Nilipoingia kazini nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Wenzangu wengine wenye mikono mizuri kuliko mimi waliishiwa mafuta wakaacha.

Dada wa Bahati, nenda kwa mwenye duka la vifaa vya sola. Kaa naye asubuhi moja.

#7 Mkaguzi_wa_Zamani
Kurekebisha #4 kabla mtu hajapotea. Mtihani wa NITA unaonyesha kiwango cha ujuzi wako. Leseni ya kufunga sola ni jambo lingine na inatoka EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ambayo kabla ya Sheria ya Nishati ya 2019 ilikuwa ikiitwa ERC. Kanuni za sola za 2012 ziligawa mafundi madaraja matatu: T1 kwa mifumo midogo ya betri moja, T2 ya kati, T3 kwa mikubwa, ikiwemo ile inayounganishwa na laini ya stima ya taifa au kuchanganywa na jenereta. Kufunga nyaya za nyumba nako kuna leseni yake, kutoka C2 ya chini hadi A1 ya juu. Kwa hiyo, BintiBahati, usimuulize fundi "una leseni?" Atasema ndiyo. Muulize "leseni yako ni daraja gani na inakuruhusu kufanya nini?" Wengine utaona wanabadilisha mada.

#8 KijanaWaPipeline
Sawa mzee wa ukaguzi, lakini ninawajua wanaofunga bila hiyo T yoyote na nyumba zinawaka taa.

#9 Mkaguzi_wa_Zamani
Zinawaka taa, na nyingine zinawaka zenyewe. Muulize huyo fundi asiye na leseni nani analipa nyumba ikiungua.

#10 OmenaTamu
Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Nataka kupinga uzi mzima kwa upole. Mimi nafuga samaki kwenye vizimba, upande wa Siaya. Nilipotaka kuanza niliuliza maswali yote mnayoyasifu. Niliuliza tukio la mwisho, niliuliza walioacha, niliuliza wanaouza chakula cha samaki. Nilipata majibu ya kweli kutoka kwa watu wa kweli. Halafu mwishoni mwa 2022 samaki wakafa kwa wingi vizimbani upande wa Kisumu, na watu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaeleza kuwa oksijeni majini ilipungua. Wavuvi wa zamani walijua ziwa hugeuka, maji ya chini yakapanda juu, lakini waliokuwa na vizimba walikuwa wageni wa kazi hiyo kama mimi. Mimi sikuguswa, jirani zangu kibiashara waliguswa.

Na watu wa kiwanda cha sukari cha Mumias je? Kijana aliyeuliza kazi ya kiwandani miaka ya nyuma angeambiwa na kila mfanyakazi, kwa ukweli kabisa, kwamba ni kazi ya uhakika, nyumba ya kampuni, shule ya watoto, timu ya mpira. Kila tukio la mwisho lingekuwa zuri. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, msimamizi anayewekwa kwa sababu ya madeni. Aliye ndani ya kazi anaona kazi. Haoni kinachokuja juu ya kazi. Maswali hayana uwezo huo mnaoupa.

#11 FundiKondele
Omena, umesema neno zito, lakini umechagua wa kuuliza. Ungemuuliza mkulima wa miwa badala ya mfanyakazi wa kiwanda, angekuambia mapema kwamba malipo ya miwa yanachelewa. Wakulima walilia miaka kabla ya 2019. Habari ilikuwepo, ilikuwa kwa mtu mwingine.

Na ukija Kisumu lete hizo tilapia, tumechoka na zile za barafu.

#12 OmenaTamu
Hapo kwa mkulima umenishika, nitafakari. Tilapia utanunua kwa bei ya watu wote.

#13 DerevaWaMauSummit
Mimi nabeba watu Nakuru–Kisumu kila siku na nasikia mazungumzo ya kazi nyuma yangu kuliko ofisi yoyote ya ajira. Sababu ya "jitahidi tu" si siri wala hofu ya ushindani. Ni malezi. Kwetu mtu mzima hamwambii kijana "usije". Akija akashindwa, utaambiwa wewe ndiye uliyemlaani. Ukimtia moyo akashindwa, ni Mungu hakupenda. Kwa hiyo kila mtu anatia moyo. Nimesikia mtu akimsifia kijana kazi hadi Kericho, kijana akashuka, halafu mtu huyohuyo akampigia mkewe akisema anatafuta pa kutokea.

#14 NesiWaZamu
Dereva umenigusa. Mimi pia huwatia moyo wasichana hata wiki niliyochoka. Lakini si woga wa kulaani. Nikiwaona nakumbuka nilivyokuwa, na kwa dakika hiyo napenda kazi yangu kweli. Jibu ninalotoa ni la kweli kwa dakika hiyo. Ukiniuliza saa kumi alfajiri nikitoka zamu, utapata jibu la kweli pia, na halifanani na la kwanza.

#15 Jirani_wa_London
Salamu kutoka London.

#16 KijanaWaPipeline
London ya Nakuru, wadau, msimtumie huyu ombi la viza.

#17 Jirani_wa_London
Wacha wivu, sisi tuna kilima na upepo. Nilichokuja kusema: mnazungumza maswali maswali. Mwambieni huyu dada abebe ngazi. Aende na mafundi Jumamosi, apande, ashike paneli, ajue kama mgongo wake unakubali na kama kichwa hakizunguki huko juu. Swali zuri kuliko yote linajibiwa na mwili wako mwenyewe. Na niseme bila kuficha, paa ni kazi ya wanaume.

#18 BintiBahati
Nimerudi. Asanteni, nimeandika mengi.

London, nimelelewa Bahati nikipanda kwenye tangi la maji na kwenye miti ya mlimau, kimo hakinitishi. Kuhusu paa kuwa la wanaume, kwenye vocha zangu kulikuwa na fundi mwanamke, na kazi yake ndiyo haikurudiwa.

Kubeba ngazi nitabeba, lakini naona Jumamosi moja itanionyesha nini na itanificha nini. Nitaona jinsi paneli inavyofungwa. Sitaona mwezi usio na oda, wala mteja aliyekataa kumaliza malipo, wala simu ya usiku. Hayo hayatokei kwenye paa. Ndiyo maana bado nayataka maswali.

FundiKondele, ulisema mahali pana maana. Kama ningekukuta jioni, hakuna mteja, ningeuliza hivi: oda tatu za mwisho zilikupataje? Nani alikutaja kwa nani? Naona hilo ndilo litaniambia kama mimi, mgeni, nitapata ya kwanza.

#19 FundiKondele
Hilo swali ni kali. Nijibu hapahapa basi. Ya mwisho, mteja wa zamani alimwambia shemeji yake. Ya kabla yake, mwenye duka nililonunua betri alitoa namba yangu. Ya tatu ni kanisa, mzee wa kanisa ananijua tangu nikiwa fundi wa redio. Mtandaoni hakuna hata moja, ingawa nina ukurasa na napachika picha. Sasa unaona? Mgeni atakaa muda mrefu bila shemeji wa mtu.

#20 MwalimuMstaafu_Vihiga
Hapo naongeza kitu. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwauliza watu wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi wakati ule. Alichapisha mwaka 1973. Waliokuwa wakionana mara nyingi walikuwa asilimia 16.7 tu. Mara mojamoja, asilimia 55.6. Kwa nadra, asilimia 27.8. Rafiki wa karibu anajua unayoyajua wewe. Mtu wa mbali kidogo ndiye mwenye habari mpya. Kwa hiyo BintiBahati usiishie kwa binamu na majirani.

#21 MtuWaMbegu_Njoro
Mwalimu samahani, hiyo ni kupata kazi, na waliohojiwa walikuwa wataalamu na mameneja. Sisi tunazungumzia kuijua kazi kabla ya kuingia. Kwa kuijua, mtu wa mbali ndiye anayekupa ile "jitahidi tu". Wa karibu ndiye anayekuambia ukweli na kukuonyesha deni lake.

#22 MwalimuMstaafu_Vihiga
Hoja yako ina uzito, kijana wa mbegu. Lakini mwenye duka la dawa aliyekuambia kila kitu, alikuwa ndugu yako?

#23 MtuWaMbegu_Njoro
Hakuwa ndugu. Ila hakuwa mtu wa kazi ile pia. Alikuwa pembeni. Nafikiri hapo ndipo penye siri, mtu aliye pembeni ya kazi, hajali kama utaingia au la.

#24 MamaWaMamboleo
Jamani mimi ni mke wa fundi wa sola, nasoma uzi huu kwa simu yake na yeye anajua. Watu wanakuja hapa nyumbani kumuuliza mume wangu habari za kazi, wanakaa sebuleni, mimi naleta chai. Hajawahi kutokea wa kuniuliza mimi. Basi nijibu bila kuulizwa.

Simu. Stima ikizimika usiku kwa mteja, wa kwanza kupigiwa ni yeye. Mara nyingi ni betri imekwisha kwa sababu watu wamepiga pasi na kuwasha hita ya maji, ingawa alishawaambia mfumo wao ni wa taa, televisheni na friji. Anaongea nao kwa upole saa tano usiku. Anayekuja kwenye kazi hii ajue kwamba atafundisha watu kutumia stima yao, tena na tena, bila malipo.

Pesa. Inakuja kwa mafungu makubwa na inaonekana nyingi. Mteja analipa sehemu ya kwanza, na hiyo si yetu, ni ya vifaa. Siku fundi anapoanza kutumia pesa ya vifaa vya mteja wa pili kumalizia kazi ya mteja wa kwanza, ujue nyumba inaenda kuanguka. Nimeona ikitokea kwa rafiki zetu. Mume wangu ana laini mbili za Mpesa, moja ya vifaa na moja ya nyumba, na ile ya vifaa hakopeshi hata mama yake. BintiBahati wewe ni mtu wa hesabu. Mafundi wengi hawana unachokijua wewe. Ungemuuliza fundi "pesa ya vifaa unaiweka wapi?" ungemjua ndani ya dakika moja.

Radi. Huku magharibi mnaijua. Msimu wa mvua simu huongezeka, na mtu ambaye hakulipia kinga ya radi ndiye anayelalamika zaidi.

Lakini niseme pia, akirudi kutoka zahanati ya kijijini ambako ameweka taa kwenye chumba cha kujifungulia, huwa ni mtu mwingine. Anakula akitabasamu. Hilo nalo mliulize.

#25 FundiKondele
Mama Mamboleo, heshima. Nimesoma hilo la laini mbili mara mbili na nitalifanya.

#26 NesiWaZamu
Mama umeniliza. Hicho chumba nimewahi kufanya kazi ndani yake kabla ya taa, tukizalisha kwa tochi ya simu. Mwambie asante.

#27 Mkaguzi_wa_Zamani
Niongeze swali la kumridhisha Omena, la mambo yanayotoka nje ya kazi: "Mara ya mwisho kazi yako kuyumbishwa na jambo lisilo lako ilikuwa lini?" Fundi wa sola aliyekuwa kazini mwaka 2020 atakuambia kodi ya VAT ilipowekwa kwenye vifaa, kisha ikaondolewa mwaka uliofuata. Waliokuwa wameshataja bei kwa wateja walibanwa katikati. Atakayekujibu "hakuna" hajakaa kazini, au hajui anacholipia.

#28 OmenaTamu
Hilo nalikubali kidogo. Linakuambia yaliyopita. Yanayokuja bado hujui.

#29 DerevaWaMauSummit
Hakuna swali la kujua yanayokuja Omena, ungelijua ungekuwa nabii, na manabii Kisumu wametosha.

#30 KijanaWaPipeline
Mimi bado nasema pesa kwanza. Ila nitaongeza lile la tarehe ngapi.

#31 BintiBahati
MamaWaMamboleo, nimekosa maneno. Ulichoandika ndicho nilichokuwa natafuta kwa watu wote wale.

Nina jambo moja la kuuliza nyote. Mtu akinipa jioni yake nzima na kunieleza haya, nimpe kitu? Naogopa kumpa pesa atanijibu ninachotaka kusikia. Nisipompa naona kama namnyonya.

#32 MtuWaMbegu_Njoro
Mpe. Muda wa fundi ni pesa. Nauli na chakula cha mchana ni kitu kidogo kwako unayelipwa mshahara.

#33 MwalimuMstaafu_Vihiga
Usimpe pesa, mwanangu. Ukilipia maneno unapata mahubiri. Mpe kazi ya mikono yako. Wewe ni mhasibu, mkalie hesabu zake jioni moja, mpangie oda na madeni. Utaona kwenye daftari lake mambo ambayo hata yeye hawezi kuyasema.

#34 Mkaguzi_wa_Zamani
Mwalimu, na fundi asiyetaka daftari lake lionwe na mgeni? Wengi wana hofu ya KRA, watoza kodi, kichwani. Nauli ni salama zaidi.

#35 FundiKondele
Mimi daftari langu naweza kumwonyesha, lakini akiwa ameshabeba ngazi kwanza. Dada, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna paa Kibos, tunaanza saa moja asubuhi. Vaa raba zenye soli ngumu. Ukitaka kuuliza maswali, usiulize kabla ya saa kumi, tukiwa tumeshashuka na mwenye nyumba ameshalipa.

#36 Jirani_wa_London
Na akitoka Naivasha saa ngapi ili awe Kibos saa moja?

#37 DerevaWaMauSummit
Alale Kisumu Ijumaa. Ijumaa alasiri nina viti Nakuru, aje mapema, ya mbele nitamwekea.